Bolti Zilizokosa Tanuri

Nilichokipaka mimi hakirudi. Andika hapo ulipo, hata kwa mkaa ukutani. Wenzangu karakanani walirudishiwa kazi kila mara: hii imeota malengelenge, ile imeshika kutu kabla haijafika kwa mwenyewe, nyingine inabanduka magamba kama samaki. Mimi, hata msumari mmoja haukuwahi kurudi na lawama. Na nikidanganya, uso wangu hautikisiki. Mama yangu mzazi aliwahi kuniomba radhi kwa kosa nililolifanya mimi.

Yashike majigambo hayo vizuri, msomaji, yasikudondoke njiani.

Kama gazeti la wiki jana ulilifungia sabuni, nakukumbusha. Mimi ndiye kijana wanayemwita Redio, kwa sababu sizimiki. Nafanya kazi katika karakana ya kupaka vyuma zinki na nikeli. Kazi hiyo nilitafutiwa na shemeji, mume wa dada yangu, ambaye pia amenipa kochi la sebuleni kwake niliite chumba.

Mshahara wa kwanza haujafika, nikataka kumshukuru. Nikang'oa bizimu za viatu vyake vya ngozi, zile chuma za kufungia mkanda wa kiatu, zilizokuwa zimepauka kama ulimi wa mgonjwa. Nikazizamisha kwenye tangi la nikeli. Zilitoka zinang'aa kiasi kwamba ungeweza kunyolea ndevu humo. Dada akazishona kurudi mahali pake kwa mkono wake, na shemeji akawa anavaa viatu vile huku akitembea ameinua suruali.

Wiki jana niliviazima. Nilikuwa na miadi na binti fulani baada ya kazi, na huwezi kwenda kumwona binti na mabuti ya mpira. Maji ya kusuuzia yakavuja, yakavilowesha ndani ya kabati. Nami, kwa akili niliyosomeshwa kwa jasho la wazazi, nikaviingiza kwenye tanuri vikauke.

Hapo ndipo tulipoachana. Moshi mweusi, soli zinatiririka kama uji juu ya wavu.

Sasa tuendelee.

Nilizima tanuri, nikafungua milango yote miwili. Nikakwangua soli kwa mwiko wa chuma, nikavitupa viatu kwenye pipa la takataka za tindikali, ambako hakuna mtu mwenye akili anayepeleka mkono. Bizimu moja niliiona, nikaitupa pamoja navyo. Ya pili sikuiona.

"Itakuwa imeyeyuka," nikajiambia.

Chuma, msomaji. Kiyeyuke kwenye moto wa kukaushia. Na kemia nilifaulu.

Nikiwa bado nafukuza moshi kwa kipande cha boksi, kapu la bolti likatoka kwenye zinki. Bolti nene za chuma kigumu, za kufungia mitambo. Zilikuwa zinanisubiri mimi.

Hapa lazima tuelewane kidogo. Bolti ya namna ile huoshwa kwa tindikali, kisha huingia tangi la zinki. Huko kote, gesi inaitwa haidrojeni inapenya ndani ya chuma na kujikunyata humo. Ndiyo maana, ikitoka tu kwenye zinki, bolti inapelekwa tanurini ikae na joto kwa saa kadhaa, gesi itoke. Sisi tunaita kuoka. Baada ya kuokwa ndipo inachovywa kwenye dawa ya njano, inapata ile rangi inayochezacheza kama mafuta juu ya dimbwi.

Isipookwa, haikuambii kitu. Ukiipima, sawa na mwenzake. Ukiitazama, sawa na mwenzake. Unaifunga, unaikaza, inatulia. Halafu saa yake ikifika, hakuna aliyeigusa, kichwa kinaruka.

Na ikishachovywa njano, basi. Ukiirudisha kwenye joto, rangi inakufa na kila mtu ataona.

Haya yote nilikuwa nayajua. Sitaki unitetee.

Nje, gari la mteja lilikuwa linapiga honi. Tanuri lilikuwa limezimwa na linanuka. Mwenye tanuri, mama mmoja mtu mzima tunayemwita Mama Tanuri, alikuwa amechomoka kwenda kliniki kupimwa macho. Hakuaga kwa msimamizi, kwa sababu msimamizi akikupa ruhusa ya kwenda kliniki anakata siku nzima. Aliniaga mimi.

"Nakuachia mwanangu," alisema, akilipigapiga tanuri ubavuni. "Usimwache na njaa, usimwache na homa."

"Nitamwimbia na nyimbo, mama."

Nikachukua lile kapu. Nikalipitisha mbele ya tanuri, likapita kama abiria anayepita nyumba ya mdai wake, na nikalichovya moja kwa moja kwenye dawa ya njano.

Msimamizi akaja, pua imetangulia.

"Kuna nini kinanuka mpira?"

"Mkanda wa feni, mkubwa. Umechoka. Hata mimi nimechoka, ila mimi sinuki."

Hakucheka. Yeye hucheka sikukuu tu.

"Bolti za mteja zimeokwa?"

"Zimeokwa, zimeiva. Ukitaka unaweza kuzila na chai."

"Aliyezioka nani?"

Ilikuwa nafasi nzuri. Nikakumbuka Mama Tanuri hayupo, na nikisema hayupo nitamchongea. Basi nikajipa sifa ya wema wakati nasema uongo, raha mbili kwa mpigo.

"Mama mwenyewe. Amezitoa sasa hivi, amekwenda msalani."

Bolti zikapakiwa. Gari likaondoka. Nami nikarudi nyumbani na mabuti ya mpira, binti nimemkosa, shemeji nikamwambia viatu vyake viko kwa fundi viatu vinabadilishwa soli, zawadi yangu ya pili.

"Shem wangu huyu," akamwambia dada, "utafikiri nimemzaa mimi."

*

Kesho yake jioni tulikuwa mezani. Shemeji ni fundi wa winchi. Kazi yake ni kupandisha vitu vizito juu ya majengo yanayojengwa. Alikuwa na habari, unaona kabisa imemkaa mdomoni. Akatia mkono mfukoni, akaweka kitu katikati ya sahani.

Bolti. Nene, ya njano, inachezacheza rangi.

"Unaijua hiyo?"

Niliijua.

"Imetoka karakanani kwenu," akasema. "Tumefungia bamba la winchi kule juu, tumezikaza leo mchana. Hii imebaki. Nimewaambia wenzangu wote, hii kazi ya shemeji yangu. Wamebaki kutazama tu."

Dada akaishika, akaigeuza kwenye taa. "Nzuri hivi, mtu unaweza kuivaa shingoni."

"Mzirudishe," nikasema.

"Tuzirudishe kwa nini?"

"Hazijaiva."

Walicheka mpaka shemeji akapaliwa. Dada akampiga mgongoni, naye akawa ananyoosha kidole kwangu, machozi yanamtoka. "Hazijaiva," anarudia. "Zirudi jikoni."

"Shem, nasema kweli."

"Ukisema kweli ndiyo unachekesha zaidi. Kula."

Ningeweza kusimama. Ningeweza kusema: viatu vyako nimeviunguza, tanuri nililizima, bolti zile zina gesi, zitakukatikia. Maneno hayafiki hata nusu ya ukurasa wa gazeti. Lakini nilimtazama dada, ambaye alinililia kwa mumewe nipate kazi ile. Nikaitazama ile bolti katikati ya sahani.

Nikala.

Nikajiambia, kesho asubuhi nitachukua nzima kutoka kapu jingine, lililookwa na Mama Tanuri mwenyewe. Nitakwenda mjengoni, niseme rangi ya zile haikukaa sawa, tubadilishane. Hakuna atakayejua. Ulikuwa mpango mzuri. Mipango yangu yote ni mizuri mpaka iamke.

*

Nilifika mjengoni na mfuko wa bolti begani, nimeaga karakanani kwamba jino linaniuma. Shemeji alikuwa chini, kofia ngumu kichwani, anamwashiria kwa mikono mwendesha winchi. Juu, tangi la maji la chuma lilikuwa linaning'inia, limepita dirisha la kwanza.

"Shem," nikamwambia, "zile bolti tubadilishe. Rangi yake imetuaibisha."

"Hizi zinazong'aa hivi?"

"Ni masharti ya karakana."

Akacheka kidogo, na usiamini, akakubali. "Sawa. Nipandishe tangi hili kwanza, halafu tunafungua moja moja. Kaa pembeni."

Nikashusha pumzi. Nikakaa pembeni. Nilishaanza hata kutunga utani wa kumwambia dada.

Kitu kikagonga bati la uzio. *Ting*. Kikadunda, kikabiringika kwenye mchanga mpaka mbele ya buti langu.

Kilikuwa kichwa cha bolti. Cha njano. Shingo yake imekatika safi, inametameta kama sukari.

Nikatazama juu. Bamba la winchi lilikuwa bado limeshika. Tangi bado linapanda. Hakuna mwingine aliyesikia, maana mashine ya zege ilikuwa inanguruma.

Unajua nilichofanya? Nilikikanyaga. Kisha nikainama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, na mabuti yangu hayana kamba, nikakitia mfukoni.

Halafu nikatafuta njia ya kulishusha lile tangi bila kusema kwa nini.

"Shem," nikapiga kelele. "Simamisha. Dada anaumwa. Anakuita nyumbani."

Rangi ya uso wake ikabadilika. Akainua mkono, winchi ikasimama. Akamwashiria mwendeshaji ashushe taratibu. Mpango umefanikiwa, nikasema moyoni. Uongo mmoja mdogo, na mtu mzima anabaki na uhai wake.

Lakini simu yake na koti lake vilikuwa vimetundikwa kwenye nguzo ya upande wa pili. Kuzunguka ni mbali. Na mtu aliyeambiwa mkewe anaumwa hazunguki.

Alipita chini ya tangi.

Kufundishana tumefundishana kila siku: hakuna kupita chini ya mzigo. Yeye ndiye aliyekuwa akiwafukuza wengine kwa matusi. Alipita anakimbia, mkono mmoja umeshika kofia.

Bolti ya pili sikuisikia. Niliona bamba linainama upande mmoja, kama mtu anayetega sikio. Kisha waya ukalegea.

*

Hospitalini walimwingiza chumba cha upasuaji. Uzito wote wa tangi ulikuwa umemwangukia kuanzia nyonga kwenda chini. Daktari alitoka mara moja tu, akamwambia dada kwamba wanapigania uhai kwanza. Mguu utazungumzwa baadaye. Kisha akarudi ndani na mlango ukajifunga wenyewe, polepole, kwa kile kifaa chake cha juu.

Dada alikaa kwenye benchi, mikono katikati ya magoti. Hakuwa analia. Afadhali angelia.

"Wenzake wanasema alikuwa anakimbia," akasema.

"Ndiyo."

"Wanasema alikuwa anakuja kwangu. Kuna mtu alimwambia naumwa." Akanigeukia. "Mimi nilikuwa nafua, mdogo wangu. Siumwi. Nani alimwambia naumwa?"

"Sijui, dada. Kulikuwa na kelele."

Uso haukutikisika. Nilikwambia.

Mfukoni, kile kichwa cha bolti kilikuwa kimepata joto la paja langu. Kila nikisogea kinanichoma, na si kwa sababu kina ncha.

Ndipo msimamizi akatokea mwisho wa korido. Nyuma yake, Mama Tanuri, bado na aproni yake yenye matundu ya tindikali, miwani mipya usoni. Hakuwa anatembea, alikuwa anaburutwa na aibu.

Msimamizi akampa dada pole, kwa sauti ya chini kuliko nilivyowahi kuisikia. Kisha akasema watu wa mjengo wamemletea bolti zilizokatika. Amezitazama pale zilipokatikia. Hazikuokwa.

"Mimi si mtu wa kuficha kazi mbovu," akamwambia dada. "Mume wako yuko humo ndani kwa sababu ya karakana yangu. Nimekuja na mhusika akwambie mwenyewe."

"Mimi sikuzioka, mkubwa, kwa sababu sikuwepo," Mama Tanuri akasema. "Nimeshakwambia. Nilikwenda kliniki. Macho yangu haya hapa, vioo hivi hapa."

"Basi ulitoroka kazi, na hilo nalo ni kosa la kufukuzwa. Lakini kijana aliniambia ulikuwepo, na ulizitoa wewe kwa mikono yako." Akanigeukia. "Redio. Leo sitaki utani. Siku ile nani alikuwa kwenye tanuri?"

Mama Tanuri alinitazama kupitia miwani ile mipya. Macho yake yalionekana makubwa, kama ya mtoto. Alikuwa ananitazama kwa matumaini, hilo ndilo sitalisahau. Alikuwa na hakika nitasema kweli, maana ni mimi aliyeniaga alipokwenda.

Karibu yetu, nyuma ya mlango, kitu cha chuma kilianguka kwenye sahani ya chuma.

"Mama," nikasema. "Alikuwepo mama."

Hakupiga kelele. Hata hakuniita mwongo.

"Mwanangu," akasema tu. Kisha akakaa kwenye benchi, mbali na dada, kama mtu anayesubiri zamu yake.

"Nilijua," akasema msimamizi. "Kulikuwa kunanuka mpira siku ile. Leo nimeng'oa wavu wote wa tanuri, na tazama nilichokikuta chini yake. Mtu alikuwa anapikia viatu humo. Tanuri la bolti za watu."

Akafungua kitambaa.

Ndani kulikuwa na kidude cheusi, kimeganda masizi na mpira, na uzi mnene ulioungua umening'inia pembeni. Ningekitambua hata gizani.

"Mimi sina viatu vya bizimu," Mama Tanuri akasema kwa uchovu. "Tazama miguu yangu ilivyovimba. Mimi ni wa ndara."

"Utayasema hayo polisi."

Dada akanyoosha mkono. "Hebu."

Msimamizi akampa. Sijui kwa nini aliomba. Labda mtu akisubiri habari ya kufiwa mikono inataka kushika kitu. Alikigeuza. Akautazama ule uzi, akaupima kwa kucha. Kisha akakunja upindo wa nguo yake, akautemea mate kidogo, akaanza kusugua.

"Dada, utachafuka," nikamwambia. "Lete nikitupe."

Akaendelea kusugua.

Nikeli nzuri ina tabia moja, na nzuri kuliko yangu hujaiona. Moto mdogo haiuogopi. Masizi hayaishiki. Ukiifuta tu, inarudi ilivyokuwa siku ilipotoka tangini.

Kona moja ilitokeza. Ikang'aa. Taa ya korido ikaingia humo nzima, na pembeni yake nikauona uso wangu, mdogo, umepinda, unatikisika.

Dada aliacha kusugua.

"Uzi huu ni wangu," akasema. "Nilitumia wa magunia, kwa sababu wa kawaida ulikuwa unakatika."

Msimamizi alikunja uso kama mtu anayesikia lugha nyingine. Mama Tanuri alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mdogo wangu," dada akasema, bado hajanitazama. "Viatu vya mume wangu viko kwa fundi gani?"

Nilifungua mdomo. Mimi, Redio, nisiyezimika. Nikatafuta utani mmoja, hata mbovu, hata wa zamani. Kulikuwa kimya humo ndani.

Dada akasimama. Akaifumbata ile bizimu mkononi mpaka vifundo vikawa vyeupe, na mkono mwingine akanishika shati begani, pale alipokuwa akinishika nilipokuwa mdogo tukivuka barabara.

"Inuka," akasema. "Nipeleke kwa huyo fundi. Sasa hivi, kabla daktari hajatoka."

Nikainuka. Na nilipoinuka, kile kichwa cha bolti kikapenya kwenye tundu la mfuko wangu ulioliwa na tindikali, kikashuka ndani ya suruali, kikagonga sakafu ya hospitali.

*Ting*.

Kikabiringika, cha njano, taratibu, mpaka kwenye ndara za Mama Tanuri.